Linux Ndani ya Swichi: Hesabu ya Korogwe na Handeni

Barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65. Fundi wa mtandao anayewaza kuunganisha ofisi za miji hiyo miwili kwa faiba huanza na hesabu ya mwanga. Mwanga wa nanomita 1550 hupungua kwa takriban desibeli 0.25 kila kilomita. Mara 65, ni desibeli 16 na ushei. Ukiongeza maungio na plagi za njiani unakaribia 19. Moduli ya gigabiti 10 iliyotengenezwa kwa kilomita 10 haifui dafu hapo. Inatakiwa ile ya kilomita 80, inayovumilia upotevu wa desibeli 23 hivi. Hesabu inakubali, na akiba kidogo inabaki.

Shida inaanzia kwenye swichi yenyewe. Swichi nyingi za makampuni makubwa husoma kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya moduli, na zikikuta jina la mtengenezaji mwingine, poti haiwaki. Moduli inaweza kuwa nzima, imefuata viwango vyote, lakini mnunuzi anarudishwa kwa muuzaji yule yule na kwa bei yake. Swichi zinazoendeshwa kwa Linux ya wazi kwa kawaida hazina kizuizi hicho. Kuna faida ya pili pia, nayo ni ya kila siku: fundi akiandika amri ya ethtool -m na jina la poti, anasomewa nguvu ya mwanga unaoingia, kwa namba. Ikishuka kila wiki, kuna kona iliyokunjwa au ungio linaloharibika, na inafaa lori la matengenezo liondoke kabla huduma haijakatika.

Swichi hizi za Linux ya wazi hazikuja zenyewe. Kwa miaka mingi swichi iliuzwa ikiwa imefungwa, chuma na programu vikitoka kwa muuzaji mmoja. Mwaka 2011 Facebook ilianzisha Open Compute Project ili michoro ya vifaa vya vituo vya data iwe wazi. Mwaka 2013 Cumulus Networks ya Marekani ikatoa Cumulus Linux, mfumo uliojengwa juu ya Debian, na ikaikabidhi Open Compute Project programu yake ya usakinishaji, ONIE. Hii ni Linux ndogo ambayo kiwanda huiweka kwenye kifaa. Swichi mpya ikiwashwa haina mfumo mwingine wowote. ONIE hutafuta kwenye flashi, isipopata huomba anwani kwa DHCP, kisha hupakua mfumo kutoka seva iliyo jirani. Baada ya hapo, kwenye Cumulus, poti huonekana kama swp1, swp2 na kuendelea, na kijana aliyezoea seva za Debian au Ubuntu anajikuta nyumbani. Machi 2016 Microsoft nayo ikatoa SONiC, mfumo unaoendesha mitandao ya Azure. Tangu 2022 unasimamiwa na Linux Foundation.

Kijana huyo yuko nyumbani, lakini si kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi wa seva hujikwaa, na panastahili maelezo ya taratibu. Ndani ya swichi kuna vichakataji viwili vya aina tofauti. Cha kwanza ni kidogo, ndicho kinachoendesha Linux. Cha pili ni chipu maalumu inayopitisha paketi kwa kasi ambayo kile cha kwanza hakiwezi hata kuikaribia. Linux huamua njia: programu kama FRR hujifunza njia kutoka kwa majirani na kuziandika kwenye jedwali la kerneli, kisha programu nyingine hunakili jedwali hilo hadi kwenye chipu. Kwenye Cumulus mnakili huyo anaitwa switchd. Kwenye SONiC taarifa hupitia hifadhidata ya Redis kwanza. Sasa, fundi akiandika sheria ya kuzuia kwa iptables moja kwa moja kwenye Cumulus, kama alivyozoea kwenye seva, sheria inakaa kwenye kerneli peke yake. Paketi zinaendelea kupita ndani ya chipu bila kuguswa, na yeye anaamini amefunga mlango. Njia sahihi ni kutumia cl-acltool, inayoishusha sheria hadi kwenye chipu. Kosa hili halitoi onyo, ndiyo maana ni la hatari.

Tanzania ina uzoefu wake wa Linux ya kupitisha paketi, tena wa vijijini. Katika mkoa wa Mara, mradi wa ICT4RD uliunganisha Bunda na Serengeti kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm. Ulitumia faiba zilizokwishapitishwa na TANESCO kwenye njia za umeme, na badala ya ruta za gharama kubwa ukatumia ruta za programu huria. Robert Olsson wa Uppsala, aliyekuwa katika kazi hiyo, ni mmoja wa watu watatu walioandika NAPI, mbinu inayoizuia Linux isizidiwe na paketi zinapomiminika. Amos Nungu aliandika tasnifu yake KTH kuhusu mtandao huo, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH. Ruta za Bunda zilipitisha kila paketi kwa kichakataji cha kawaida, kwa hiyo hazilingani na swichi za leo kwa kasi. Kilichothibitika kule ni kwamba mafundi wa hapa wanaweza kuujenga mtandao wa namna hiyo na kuuelewa hadi ndani.

Uwazi nao una mipaka. Mei 2020 NVIDIA ilitangaza kuinunua Cumulus. Hadi wakati huo mfumo huo ulifanya kazi kwenye chipu za Broadcom pia. Kuanzia toleo la 4.4 unakubali swichi za NVIDIA zenye chipu za Spectrum tu. Waliokuwa na swichi za Broadcom chuma chao kilibaki kizima, na kwa kuwa kilikuwa na ONIE, wengi waliweza kutafuta mfumo mwingine. Wangekuwa na swichi iliyofungwa, wasingekuwa na pa kwenda.

Je, haya yanazihusu halmashauri nne za Handeni na Korogwe, za miji na za wilaya? Kwa sehemu. Mifumo mikubwa ya serikali inakaa kwenye vituo vya data vya taifa, kwa hiyo hakuna haja ya kujenga Korogwe mtandao wa swichi kumi na mbili kwa kuiga Azure. Chumba cha seva cha halmashauri au cha hospitali ya wilaya kinahitaji swichi mbili zinazobebana moja ikizimika, na ya tatu kabatini. Chenye uzito zaidi ni mtu: kama hakuna fundi wa Linux wa kudumu na mkataba wa msaada wa kupigiwa simu saa nane usiku, swichi iliyofungwa yenye wakala Dar es Salaam ni chaguo la busara zaidi.

Penye fundi huyo, kazi inaanza kwenye karatasi za zabuni. Maofisa manunuzi wanaoandaa vigezo vya kuingiza kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST waandike mambo matatu kabla ya kutaja kasi au idadi ya poti: swichi iwe na ONIE, chipu yake itajwe na iwe kwenye orodha rasmi ya vifaa vinavyokubaliwa na mfumo utakaowekwa, na poti zikubali moduli za mtengenezaji yeyote anayefuata viwango. Muuzaji asiyeweza kuyajibu matatu hayo kwa maandishi asipewe kazi.