Kutoka "Anakadiria" hadi "Inakadiriwa"

Karibu kila aliyesoma historia ya Tanzania shuleni amekutana na sentensi ya namna hii: inakadiriwa kuwa watu 300,000 waliuawa katika Vita vya Maji Maji. Mwanafunzi wa Malolo, wilayani Ruangwa, huikariri kama mwenzake wa Arusha, ingawa yeye anaishi katika nchi ya Wamwera, walioingia vitani mwaka 1905. Nataka tuisome polepole, kwa kuwa ndani yake amezikwa mwanahistoria mmoja.

Tuanze na kitenzi. Katika "anakadiria", kiambishi a- kinadai mtu: ni nani, tumuulize. Katika "inakadiriwa", i- haidai yeyote. Kauli ya kutendwa ingeweza kumrudisha mtendaji kwa neno dogo "na", lakini sentensi yetu imekomea kabla ya hapo.

Mtendaji aliyeachwa nje ni Gilbert Gwassa. Mwaka 1973 alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu kuzuka na kuenea kwa vita hivyo. Mwanahistoria John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, anaweka makadirio mawili bega kwa bega: ya serikali, watu 75,000, na ya Gwassa, kati ya 250,000 na 300,000, pengine theluthi moja ya wakazi wa eneo la vita, wengi wao wakifa kwa njaa. Hapo Gwassa bado ana jina, na makadirio yake bado yana mipaka.

Linganisha sasa na sentensi ya shuleni. Kikomo cha chini kimeanguka, kimebaki kilele. Theluthi imetoweka, nayo ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha msomaji ukubwa wa msiba kijiji kwa kijiji. Kisha "walikufa" imegeuka "waliuawa", na njaa imefutika. Mabadiliko haya ya mwisho ndiyo yanayoniuma zaidi. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Asiyetajiwa njaa ataona risasi tu, asijue kwamba mama aliyekufa kando ya ghala tupu naye alikufa kwa vita.

Wanazuoni wa leo hupimwa kwa idadi ya mara walizorejelewa. Kipimo hicho kinahesabu majina. Kwa Gwassa kinapungukiwa pale hasa alipofika mbali: kadiri hesabu yake ilivyoenea, ndivyo jina lilivyodondoka. Tena tasnifu yake ilikaa miaka 32 kabla ya kutolewa kama kitabu, huko Köln mwaka 2005, chini ya uhariri wa Wolfgang Apelt.

Hata tahajia ina ushahidi wake. Makala ya Gwassa ya mwaka 1972, katika kitabu kilichohaririwa na Ranger na Kimambo, inamwita mganga wa Ngarambe "Kinjikitile". Tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 inamwita "Kinjeketile". Leo e imeishinda i katika midomo ya wengi. Jukwaa limekuwa na sauti kubwa kuliko tanbihi, nasi tunarejelea tamthilia tukidhani tunarejelea historia.

Lakini Gwassa naye alisimama juu ya mabega ya wazee waliomsimulia. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za vita. Tanbihi za wanahistoria huzitaja karatasi za kumbukumbu hizo kwa herufi MMRP (Maji Maji Research Project) zikifuatwa na tarakimu na mikwaju. Alama hizo humwezesha mtafiti kuifikia karatasi, na hiyo ni kazi ya lazima. Ila mzee aliyesema "nilisimuliwa na baba" alikuwa amekwisha kutaja chanzo chake, kwa "na" ileile iliyotupwa katika "inakadiriwa". Mzee alirejelea kwa ukamilifu kuliko kitabu cha shule.

Nakubali kuwa "inakadiriwa" ina unyenyekevu wake: inakiri kwamba hakuna aliyehesabu maiti. Lakini unyenyekevu usio na mwenyewe hauwezi kuhojiwa. Mwanahistoria Felicitas Becker, katika makala yake ya mwaka 2004 kuhusu kusini mashariki mwa Tanzania, aliweza kuzihoji simulizi kuu za vita na kuwarudisha wafanyabiashara na wakubwa wa mitaa kwa sababu watangulizi wake walikuwa na majina na hoja zao.

Ningependa ubao wa darasa la Malolo uandikwe hivi: "Gilbert Gwassa anakadiria kuwa watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa, wengi kwa njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma chakula chao." Ni sentensi ndefu zaidi, na mwanafunzi atachelewa kuikariri. Lakini akiifikia a- ya "anakadiria", atakuwa na mtu wa kumuuliza: umejuaje?