Kasi ya Vidole na Kazi ya Kuandika Programu

Kasi ya kuchapa hupimwa kwa maneno kwa dakika, na katika kipimo hicho neno moja huhesabiwa kuwa herufi tano, nafasi zikiwemo. Anayetafuta herufi moja moja kwa vidole viwili hupata kama maneno 20 kwa dakika. Aliyezoea kompyuta kwa miaka kadhaa hupata kati ya 40 na 60, na mhazili aliyefuzu huweza kupita hapo bila taabu. Msimbo wa mistari 100, kila mstari ukiwa na wastani wa herufi 40, una herufi 4,000. Kwa kasi ya maneno 20 unachapwa kwa dakika 40, kwa maneno 40 unachukua dakika 20, na kwa maneno 80 dakika 10. Lakini mistari 100 iliyofikiriwa, ikajaribiwa na kukubaliwa huweza kumaliza siku nzima ya kazi, na mara nyingi zaidi ya siku. Kwa hesabu hiyo, bingwa wa kuchapa anamzidi mwenzake wa kawaida kwa dakika 10 tu katika saa nane.

Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aligawa muda wa mradi hivi katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975: theluthi moja kupanga, sudusi moja kuandika msimbo, na nusu nzima iliyobaki kujaribu na kurekebisha. Hata hiyo sudusi si ya vidole peke yake, kwa sababu ndani yake mna kusoma, kufuta na kuandika upya.

Zaidi ya hayo, programu nyingi za awali ziliandikwa na watu ambao hawakugusa kibodi kabisa. Katika miaka ya 1960 mwanaprogramu aliandika kwa penseli kwenye karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, herufi moja kila chumba, kisha akaipeleka kwa waendesha mashine za kutoboa kadi, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Kadi moja ilibeba mstari mmoja wa safu 80. Baada ya kutobolewa, kadi zilipelekwa kwa mwendeshaji wa pili aliyechapa maneno yaleyale upya kwenye mashine ya uhakiki. Herufi zilipopishana, mashine ilisimama. Kazi nzima ilifanywa mara mbili ili kunasa kosa la herufi moja, maana kosa hilo likipita, majibu yangerudi baada ya saa nyingi yakiwa hayafai, na foleni ingeanza upya. Wenye kompyuta hizo walilipia usahihi, na gharama hiyo waliiona ni halali.

Mambo yalibadilika mwanaprogramu alipokaa mwenyewe mbele ya mashine. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kujenga mfumo endeshi wa Unix katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969, chombo chao kilikuwa teleprinta ya aina ya Teletype Model 33. Vitufe vyake vilikuwa vizito, vilihitaji kusukumwa kwa nguvu, na mashine ilichapa kwenye karatasi herufi 10 tu kwa sekunde. Dawa ya uzito huo waliitafuta katika amri zenyewe, wakazikata: cp kunakili faili, mv kuhamisha, rm kufuta, ls kuorodhesha. Kihariri chao, ed, kilipokutana na kosa kilijibu kwa alama moja ya kuuliza, basi. Ufupi huo ulikuwa na gharama yake. Jina la amri ya ndani ya kuunda faili lilikatwa likabaki creat, na Thompson alipoulizwa baadaye angebadili nini katika Unix, alijibu kwamba angeirudisha ile e. Herufi huokolewa mara moja wakati wa kuandika, lakini msomaji hulipia kila anaposoma.

Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikwenda mbele zaidi na kihariri vi mwaka 1976. Alitumia skrini ya ADM-3A, ambayo mishale yake ya kusogeza ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Ndiyo sababu hadi leo herufi hizo husogeza kishale kushoto, chini, juu na kulia katika vi na katika Vim iliyoirithi. Mwenye kukizoea kihariri hicho hufuta mstari kwa kubonyeza d mara mbili, na hubadili neno kwa c na w, mkono wake usiondoke mahali pake. Joy aliona jambo ambalo vipimo vya kuchapa havilioni: mwanaprogramu hutumia muda mwingi kuhamahama ndani ya faili na kurekebisha kilichopo kuliko kumimina maneno mapya. Mtihani wa maneno kwa dakika humpima mwandishi wa barua.

Tena humpima kwa herufi za kawaida, ilhali msimbo umejaa mabano, nukta mkato na alama za usawa. Hapo mpangilio wa kibodi wenyewe huingia katika hesabu. Kwenye AZERTY ya Kifaransa, inayotumika hata Kongo, alama { hupatikana kwa kubonyeza AltGr pamoja na 4, na nukta ya kawaida pamoja na tarakimu zote huhitaji Shift. Mwanaprogramu wa Lubumbashi anayetumia mpangilio huo hukunja vidole mara nyingi kuliko mwenzake wa Dar es Salaam anayetumia QWERTY, hata kama kwenye barua wote wawili wana kasi ileile.

Hata hivyo, ustadi wa kuchapa una thamani kubwa kuliko kasi inavyoonyesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa watu 30 na kuona kwamba waliojifundisha wenyewe waliweza kuwa na kasi sawa na waliosomea vidole kumi. Kilichowatofautisha kilikuwa macho: waliosomea waliangalia mikono yao kwa muda mfupi zaidi. Kwa mwandishi wa programu hilo ni jambo zito. Macho yakishuka kwenye kibodi, kosa lililotokea kwenye skrini hubaki pale bila kuonekana, na wazo lililokuwa limeshikwa kichwani hukatika. Anayeona kuchapa ni adhabu huanza kubana pia: jina la kigezo linakuwa herufi moja, maelezo ya msimbo hayaandikwi, na majaribio yanaahirishwa.

Uzito wa macho ulionekana wazi Februari 2014, Apple ilipotoa marekebisho ya haraka ya usalama kwa simu zake. Katika msimbo wa kuhakiki tovuti salama, mstari wa goto fail; ulikuwa umeandikwa mara mbili, wa pili chini ya wa kwanza. Mstari wa kwanza ulitegemea sharti la if lililokuwa juu yake. Wa pili haukutegemea sharti lolote, kwa kuwa mabano hayakuwekwa, hivyo ulitekelezwa kila mara. Programu ikaruka uhakiki wa saini uliokuwa chini, na kwa kuwa hadi hapo hapakuwa na kosa lililonaswa, ikarudisha jibu kwamba mambo ni salama. Mstari wenyewe una herufi zisizozidi kumi na mbili, na hakuna kasi ya vidole ambayo ingeuzuia. Ulihitaji mtu wa kuusoma kwa utulivu. Sasa vihariri hukamilisha majina vyenyewe, na mifumo ya akili bandia huandika kazi nzima kwa sekunde chache, kwa hiyo mzigo huo wa kusoma unazidi kuwa mkubwa.

Vyuo vinavyofundisha uandishi wa programu vifundishe vidole kumi katika wiki za kwanza, kuanzia vitufe vya F na J vyenye vijinundu vya kuongoza vidole vya shahada, na mazoezi yawe na safu ya alama, yasiishie kwenye herufi. Mwanafunzi akifika maneno 40 kwa dakika bila kutazama mikono, inatosha. Muda uliobaki apewe msimbo wa wengine ausome. Na waajiri wanaowapima waombaji kwa saa ya kuchapa waache.