Nafsi Nyingi, Msimulizi Mmoja: Usimulizi na Ushahidi katika Sybil

Makala haya yanachunguza jinsi usimulizi unavyojenga ushahidi katika Sybil, kitabu cha Flora Rheta Schreiber kilichotolewa nchini Marekani mwaka 1973. Kitabu hiki kinaeleza maisha ya mwanamke aliyegawanyika katika nafsi 16, na matibabu yake ya miaka 11 mikononi mwa Daktari Cornelia Wilbur. Matabibu na wanahabari waliokijadili wameshughulishwa zaidi na swali moja: je, mambo haya yalitokea? Mhakiki wa fasihi ana swali lingine. Ni nani anayesimulia, ameyajuaje anayoyasimulia, na msomaji ameachiwa nafasi gani ya kumsaili?

Tuanze na msuko. Hadithi inafunguka kwa mlio wa kioo kinachovunjika katika maabara ya kemia mjini New York. Sybil anapozindukana yumo Philadelphia, na siku tano zimempotea. Huu ni ufunguzi wa riwaya ya upelelezi: athari imetangulizwa, sababu imefichwa, na tabibu amepewa dhima ya mpelelezi. Hatimaye mkosaji anapatikana, naye ni mama, Hattie Dorsett, aliyemtesa bintiye utotoni. Msuko wa aina hii una sharti lake. Ukishaahidi siri, hauna budi kuitoa, na tiba inageuka kuwa safari ya kulitafuta tukio ambalo hadithi inalihitaji.

Suala la pili ni nafsi ya usimulizi. Schreiber ametumia msimulizi maizi wa nafsi ya tatu. Mateso ya utotoni yanaelezwa kana kwamba msimulizi alikuwa chumbani pamoja na mtoto, na mazungumzo yanatolewa neno kwa neno. Ilhali chimbuko la maelezo hayo ni kumbukumbu za mtu mzima, na baadhi yake zilipatikana mgonjwa akiwa amedungwa dawa ya pentothali. Kati ya tendo na msomaji, basi, wamesimama watu watatu: mgonjwa anayekumbuka, tabibu anayefasiri na mwandishi anayepanga. Usimulizi maizi unawaficha wote. Hata Vicky, nafsi inayozijua siri za wenzake wote, ni kivuli cha msimulizi huyo ndani ya hadithi. Kazi yake ni kuthibitisha yale ambayo msimulizi amekwisha kuyaamua.

Ithibati ya hoja hii imo kitabuni mwenyewe. Mwaka 1958 mgonjwa alimwandikia Wilbur barua akikana kwamba ana nafsi nyingi. Msimulizi haifichi barua hiyo, ila anaifasiri kuwa ni hila ya mgonjwa anayeukimbia ukweli. Hapa ndipo usimulizi unapoonyesha makucha yake: kukiri ni ushahidi, na kukana pia ni ushahidi. Mhusika hana tena neno analoweza kulisema likasikika kinyume cha hadithi yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1997 Daktari Herbert Spiegel, aliyewahi kumhudumia mgonjwa huyo, alieleza hadharani kuwa hakuamini kwamba alikuwa na nafsi nyingi. Mwaka 1998 ilifahamika kuwa Sybil alikuwa Shirley Mason, na mwaka 2011 Debbie Nathan alichapisha uchunguzi uliokosoa vikali kitabu na tiba yenyewe. Wakati huo hadithi ilikuwa imekwisha kusambaa, hasa kwa filamu ya mwaka 1976. Mwaka 1980 maradhi ya nafsi nyingi yaliingizwa rasmi katika mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani, na mwaka 1994 yakapewa jina jipya linalosisitiza mtengano wa utambulisho.

Linganisha na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Humo pia msimulizi ni maizi, na ukali wa Zakaria kwa bintiye unachangia maangamizi ya Rosa. Lakini riwaya haidai kuwa faili la hospitali. Msomaji anaalikwa kupima uwezekano wa mambo, na akiukataa uhusiano kati ya ukali wa baba na anguko la binti, hakuna mtu hai anayedhulumika. Schreiber ameazima mamlaka ya riwaya, kisha akadai imani inayostahili hati ya daktari.

Je, tuseme basi kwamba Sybil ni uzushi mtupu? Hitimisho hilo lina hatari yake. Watoto wanaoteswa wapo, na wengi wao husimulia kwa vipande, kwa kusitasita na hata kwa kujikana. Masimulizi yaliyonyooshwa mno yanawadhuru maradufu: kwanza yanawafunza wasikilizaji kutarajia hadithi iliyokamilika, na pili, yanapoporomoka, yanaporomoka na imani waliyostahili kupewa. Inafaa mhakiki atenganishe mambo matatu ambayo Schreiber ameyafuma pamoja, yaani maumivu, kumbukumbu na masimulizi. Kuyatilia shaka masimulizi si kuyakana maumivu. Mwandishi atakayeuandika tena mkasa wa aina hii hana budi kuuacha ufa uonekane, na kumwacha mgonjwa aseme la bila neno lake kugeuzwa kuwa ndiyo.