Kutoka Kabatini hadi Ubaoni: Jinsi Kinyago cha Kikamba Kinavyogeuka Kete ya Sataranji

Kinyago cha kupamba kabati hutazamwa. Kete ya sataranji hushikwa, huinuliwa, hugongana na nyingine na kutuliwa tena, mchezo baada ya mchezo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya seti nyingi za wanyama na za wamorani wa Kimaasai zinunuliwe na watalii, zipangwe rafuni na zisichezewe kamwe. Uzuri zinao, vipimo ndivyo vilivyozitupa mkono.

Ukambani una ufundi wa kutosha kuziba pengo hilo. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza kuchonga Tanganyika enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, akaja na ujuzi huo nyumbani. Ulienea vijijini, ukafika hadi kwenye ushirika wa wachongaji Wakamba wa Changamwe, Mombasa. Desturi ya karakana hizi ni kila mchongaji kushika umbo lake: huyu twiga, yule tembo, mwingine kifaru. Mkono huzoea mpaka vinyago vikalingana bila rula. Kwa seti ya sataranji desturi hiyo ni mtaji, kwa kuwa kati ya kete 32, askari ni 16. Nusu ya kazi ni umbo moja linalorudiwa, na linapaswa kutoka mkononi mwa mtu mmoja.

Vipimo vyenyewe vinajulikana. Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, linapendekeza mfalme wa sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5 na askari 5. Upana wa kitako uwe kati ya asilimia 40 na 50 ya kimo. Upande wa mraba wa ubao usipungue mara mbili ya kipenyo cha kitako cha askari. Yaani askari wanne waenee ndani ya mraba mmoja. Askari mwenye kitako cha sentimita 2.5 anadai mraba wa sentimita 5 au zaidi.

Hapa ndipo wanyama wanapoleta taabu. Binadamu aliyesimama huenda juu, lakini mnyama wa miguu minne huenda mbele. Tembo wa sentimita 7, akichongwa mzima kwa uwiano wake wa kweli, mkonga wake huingia mraba wa jirani. Kumpunguza hadi aenee ni kumfanya mfupi kuliko askari. Njia iliyo salama ni kuchonga kichwa na shingo tu juu ya kiguzo cha duara. Ndivyo ilivyofanywa kwa farasi wa seti ya Staunton, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1849 na ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha mashindano.

Baada ya hapo huja ugawaji wa vyeo. Simba dume na jike hufaa kuwa mfalme na malkia, mradi manyoya ya shingoni yachongwe kwa kina na dume amzidi jike kimo. Tembo apewe nafasi ya askofu: katika sataranji ya kale ya India na Uajemi kete hiyo ilikuwa tembo, kabla Wazungu hawajaibadilisha. Nyumba ya msonge ni ngome isiyohitaji maelezo. Punda milia anachukua nafasi ya farasi bila ubishi. Twiga ndiye mtego. Mchongaji humpenda kwa shingo yake, lakini shingo hiyo humzidi mfalme kimo, na mchezaji anayetazama kutoka juu huona pembe mbili tu. Askari wawe ngao: umbo jepesi kuchonga, tena halifanani na kete nyingine yoyote.

Mti nao una masharti yake. Mpingo na muhugu vimekuwa adimu kwa kukatwa mno, na wachongaji wamegeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Kalamba, Makueni, ambako kaunti ilijenga kiwanda chake cha kusindika matunda, miembe iko mashambani, na mti uliozeeka una kazi nyingine zaidi ya kuni. Mbao ya mwembe ni laini kwa tezo na rangi yake ni hafifu, kwa hiyo inafaa upande mweupe. Mwarobaini, ulio mwekundu-kahawia, uchukue upande mweusi. Kupaka rangi ya viatu ili mti ufanane na mpingo ni hila ya sokoni isiyofaa hapa, maana rangi hiyo hubaki vidoleni mwa wachezaji.

Wachongaji huchonga mti ukiwa mbichi kwa sababu hukatika kirahisi, lakini mti mbichi husinyaa na kupasuka. Kete ikaushwe polepole kivulini, na kitako kisawazishwe kwa msasa baada ya kukauka. Kikisawazishwa mapema, kete itayumba. Mwembe pia ni mwepesi, kwa hiyo kete iongezwe uzito kitakoni isianguke ovyo. Toboa kitako kwa keekee, zamisha nati ya chuma, ziba kwa gundi na unga wa mbao, kisha bandika kitambaa kizito chini. Usitumie risasi, ni sumu, na seti hizi hufika mikononi mwa watoto.

Kabla ya kuuza, pangeni kete zote ubaoni, msimame hatua tatu nyuma, na mtu asiyeijua seti ataje kila kete. Akikosea mbili, rudini karakanani. Walimu wa vilabu vya sataranji vya Makueni na Kitui nao waagize seti kwa wachongaji wa kwao, wakiwapa vipimo vilivyoandikwa. Ufundi upo na mti upo. Kinachokosekana ni mteja anayenunua ili acheze.