Hereni ya Ng'ombe kwenye Pezi la Kasa

Manahodha wa visiwa vya Cayman walikuwa na kisa wasichochoka kukisimulia. Waliwavua kasa wa kijani kwenye miamba ya Miskito, pwani ya Nicaragua, wakawachonga alama ya mwenye jahazi kwenye gamba la tumboni, wakawapeleka hadi Key West, Florida, kusubiri soko. Dhoruba ikavunja uzio, kasa wakatoroka. Baadaye wakanaswa tena kwenye miamba ileile walikotoka, alama zingali tumboni. Mtaalamu mwingine angesema hizo ni porojo za mabaharia. Archie Carr, mwalimu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyaandika maneno yao katika kitabu chake cha mwaka 1956, The Windward Road, na akatafuta namna ya kuyapima.

Carr alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1909, na kati ya 1945 na 1949 alifundisha Honduras. Huko ndiko alikozoea kusafiri kwa chochote kilichopita na kumuuliza kila aliyekutana naye habari za kasa. The Windward Road kimejengwa kwa mazungumzo hayo: wavuvi, manahodha, watu wa pwani, kila mmoja na lake. Kwa mtazamo wangu, ufundi wa kitabu uko hapo. Carr hamjii msomaji na kilio cha "okoeni kasa". Anamjia na mafumbo: wanatoka wapi, wanaenda wapi, wanaijuaje njia? Msomaji akishaanza kutaka majibu, habari kwamba kasa wanakwisha inamuuma kama hasara yake mwenyewe. Sura moja, "The Black Beach", ilipata tuzo ya O. Henry, ambayo ni tuzo ya hadithi fupi. Si haba kwa mwanasayansi.

Jaribio lenyewe lilianza mwaka 1955 kwenye ufukwe wa Tortuguero, Costa Rica, mchanga mweusi wenye urefu wa kilomita 35 hivi. Kasa jike hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai kama mia moja, hufukia, hurudi baharini. Kumtia alama wakati huo ni rahisi, kazi ni alama kudumu. Mwanzoni Carr alitoboa ukingo wa nyuma wa gamba na kufunga kibati kwa waya. Vibati vikapotea. Dume anapompanda jike baharini humng'ang'ania gambani kwa kucha, na waya haukustahimili. Ndipo akageukia hereni za chuma za masikio ya ng'ombe, zile ambazo mfugaji yeyote anazijua, akazibana kwa koleo kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la mbele. Zikakaa.

Hereni ilikuwa na namba, anwani ya chuo na ahadi ya zawadi. Atakayeirudisha angelipwa dola 5. Ukifikiri vizuri, huu ulikuwa mpango wa ajabu: mtafiti anamtegemea mvuvi aliyemchinja kasa aketi, aandike barua au amtafute wa kumwandikia, aeleze ni wapi na lini. Na barua zilikuja, nyingi kutoka kwenye malisho ya majani ya bahari ya pwani ya Miskito, kwa manahodha walewale wa kisa chetu. Majike waliotaga Tortuguero walikuwa wakila Nicaragua. Wale walioonekana tena ufukweni hawakurudi mwaka uliofuata, bali baada ya miaka 2, 3 au zaidi. Kwa hiyo anayehesabu kasa msimu mmoja akadhani amewahesabu wote amejidanganya.

Njia hii ina upofu wake, na uchambuzi usiousema haufai. Hereni hutoa nukta mbili tu, pale kasa alipovikwa na pale alipouawa au kuonekana tena. Katikati ni giza. (Carr alijaribu hata kuwafunga kasa maboya yenye puto za heliamu ili aone wanakoelekea.) Madume hawapandi ufukweni, basi hawakuvikwa. Na penye wavuvi wachache barua ni chache, hata kama kasa wamejaa. Ramani aliyoipata Carr ilikuwa ramani ya kasa na ramani ya wavuvi kwa pamoja, na si rahisi kuzitenganisha.

Hata hivyo ilitosha kwa jambo kubwa la kisiasa. Ilionyesha kwamba Costa Rica ikilinda mayai huku Nicaragua ikiuza nyama, ni kasa walewale wanaolindwa na kuuzwa. Kitabu nacho kilifungua mifuko. Joshua Powers, mtu wa biashara ya magazeti New York, alikisoma, akanunua nakala kadhaa na kuwagawia marafiki zake. Kutokana na kundi hilo likazaliwa shirika la Caribbean Conservation Corporation mwaka 1959, na Carr akaliongoza kisayansi. Mwaka 1975 Costa Rica ilipitisha sheria ya Hifadhi ya Taifa ya Tortuguero.

Mradi wa shirika hilo uliopata sifa nyingi zaidi wakati wake ndio ninaouona dhaifu kuliko yote. Katika miaka ya 1960, ndege za jeshi la majini la Marekani zilibeba mayai na vitoto vya kasa kutoka Tortuguero, zikavisambaza kwenye fukwe mbalimbali za Karibi ili makundi mapya yaanze kutaga huko. Zaidi ya vitoto 100,000 vilihusika. Lakini kitoto cha kasa kinaenea kiganjani, na hakukuwa na hereni ya kukitosha na kudumu nacho hadi ukubwani. Kasa wa kijani anaweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga mara ya kwanza, ilhali mradi ulifungwa mwishoni mwa muongo uleule. Jike aliyepanda baadaye kwenye fukwe hizo hakuwa na chochote mwilini cha kuonyesha kama aliletwa na ndege au alijileta mwenyewe.