Zilipendwa na Nani?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nimelitumia kwa miaka mingi bila kulitazama vizuri, nalo ni "zilipendwa". Wote twalijua. Ni zile nyimbo za dansi za zamani, za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, za Mbaraka Mwinshehe, za NUTA Jazz na Western Jazz, ambazo zikianza kupigwa redioni Jumapili mchana watu wazima huacha kijiko katikati ya sahani na kutazama dari. Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa na kukulia Morogoro, mji uliowatoa hao wawili wa kwanza, na nyimbo zao nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo msomaji asije akadhani kwamba haya ninayoyaandika yanatoka kwa mtu asiyezipenda.

Lakini hebu litazame neno lenyewe. Liko katika wakati uliopita, na limeundwa katika kauli ya kutendwa. Walimu wetu wa sarufi walitueleza kwamba kauli hiyo humruhusu msemaji kumficha mtenda. Kikombe kimevunjwa, nani kakivunja, hatuambiwi. Nyimbo zilipendwa. Na nani?

Swali hili sikulizua mimi. Lilinijia katika harusi ya mpwa wangu, saa zile ambazo vijana wamekwisha kuchoka na mpiga muziki anawakumbuka wazee. Aliweka Morogoro Jazz. Ukumbi mzima uliinuka. Wazee waliokuwa wakilalamikia magoti tangu asubuhi walijipanga mstari, wakacheza kwa adabu ile ya zamani, bega likishuka kidogo, mguu hauendi mbali. Nami nilikwenda kumchukua mama yangu, ambaye sasa amepita miaka themanini, nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, inuka, hizi ndizo zenu." Hakuinuka. Aliniambia taratibu, "Mwanangu, hizo za baba yako. Mimi nilichokuwa nasikia ni viatu."

Sikumwelewa mpaka kesho yake. Alikuwa akisema raizoni. Marehemu baba alikuwa na jozi moja ya viatu vile vya soli nene, na suruali ya bugaluu ambayo mama aliipiga pasi ya mkaa kila Jumamosi jioni. Baba akishaoga na kujipaka mafuta alitoka kwenda dansini, na raizoni zikagonga saruji ya kibaraza: ko, ko, ko, hadi barabarani. Mama alibaki nasi watoto watano na redio. Mara nyingine baba alirudi na sehemu ya mshahara, mara nyingine alirudi na habari tu za jinsi bendi ilivyopiga. Mimi nilikuwa mtoto, na habari zile zilikuwa tamu kuliko sukari, ambayo kwa kweli haikuwapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivisikiliza vipindi vya zilipendwa kwa sikio jingine, na naona ipo haja ya kuvihakiki kama tunavyohakiki kitabu. Kwani vipindi hivi vimekuwa aina ya utunzi. Mtangazaji anachagua, anapanga, anaacha, na kati ya wimbo na wimbo anasimulia. Hadithi anayoisimulia ni ileile: zamani watu walikuwa na heshima, nyimbo zilikuwa na mafunzo, maisha yalikuwa matulivu, na leo vyote vimepotea.

Nianze na pale ambapo mtangazaji ana haki. Muziki ule ulikuwa mzuri kweli. Anayedhani kuwa tunausifu kwa sababu ya ujana wetu tu, na akae chini amsikilize Mbaraka Mwinshehe mpaka mwisho. Gitaa lake halipigi kelele kutafuta kusikika. Linazungumza, linanyamaza, linaachia magitaa mengine yajibu, kisha linarudi na neno jipya. Mwaka 1970 kijana huyu na Morogoro Jazz walifika hadi Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia, na hawakwenda kuiga wenyeji. Au zisikilize tarumbeta na saksafoni za Mlimani Park baada ya mwaka 1978, jinsi zinavyosubiri mwimbaji amalize malalamiko yake ndipo ziingie kama majirani waliokuja kuamua ugomvi. Nyimbo nyingi za namna hii zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Hapakuwa na hila za mitambo za kumficha asiyejua kazi yake.

Ubora huo ndio unaonifanya nikasirike ninaposikia zinavyokatwa. Santuri ndogo za siku zile zilikuwa na dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza ulisimulia kisa: barua imefika, mke ameondoka, rafiki amesaliti. Ukiigeuza santuri, upande wa pili maneno yalipungua, magitaa yakaongeza mwendo, na hapo ndipo watu walipocheza. Bendi zilijulikana kwa upande huo wa pili, kwa mitindo yao: Sikinde ya Mlimani, Msondo ya JUWATA, Kamanyola ya Maquis. Leo mtangazaji anapiga upande wa kwanza, anasikiliza kisa, anaguna, halafu anaukata wimbo ili apokee simu. Tunabaki na mafunzo bila dansi. Kisha tunawaambia vijana kwamba wazazi wao walikwenda ukumbini kufundishwa!

Hili la mafunzo lina jambo jingine ndani yake. Maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati ya redio kabla ya kurekodiwa, na redio ilikuwa moja tu. Vituo vya watu binafsi na televisheni vilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa hiyo kile tunachokisikia leo na kukiita tabia njema ya zamani ni kile kilichopita mlangoni. Remmy Ongala alipoimba kuhusu kondomu, ugonjwa wa UKIMWI ukiwa umekwisha kuingia majumbani mwetu, Radio Tanzania haikuupiga wimbo wake, ingawa kumbini watu waliujua wote. Usia wake ulikuwa mzito kuliko nyimbo nyingi zilizoruhusiwa.

Na heshima ya vijana? Nilicheka peke yangu siku moja niliposikia msimulizi akisema kwamba enzi hizo hapakuwa na mavazi ya ovyo. Mwaka 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo. Hakuna anayetangaza vita dhidi ya kitu ambacho hakipo. Wasichana waliofukuzwa barabarani kwa ajili ya sketi zao ndio bibi zetu wa leo, wanaotajwa redioni kama kielelezo cha staha, nao kwa busara zao wamenyamaza.

Utulivu ndio umenigusa zaidi, kwa sababu hapo nina ushahidi wa tumbo langu. Nakumbuka unga wa yanga, yale mahindi ya njano yaliyokuja kwa msaada, na ugali wake uliokuwa na harufu ambayo sitaisahau. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katikati yake ikaja vita na Idi Amin, mwaka 1978 na 1979. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi ili kila mtu apate chake. Mama alipanga foleni tangu alfajiri, akiweka jiwe mahali pake anapokwenda kumnyonyesha mtoto, akirudi anakuta jiwe lipo au limesogezwa nyuma. Redio ilipigwa kwa vipimo, kwani betri zilikuwa adimu. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, na jioni zilitupa taarifa ya habari, na wimbo mmoja kama tuna bahati. Kwa hiyo wimbo mmoja ule ulikuwa mtamu sana. Nadhani sehemu kubwa ya utamu wa zilipendwa iko hapo, katika ule uchache, na hakuna mtambo wa leo unaoweza kuurudisha.

Nyimbo zenyewe hazikudanganya. Moja ya nyimbo maarufu za Mbaraka inaitwa "Shida", na ni jina linalojieleza. Ukisikiliza kwa makini utakuta wamejaa humo wagonjwa, walioachika, wenye madeni, wanaoomba radhi. Wanamuziki walijua hali za watu kwa sababu zilikuwa hali zao. Sisi ndio tunaosikia kilio kile leo tukasema, ah, raha zilikuwa zamani.

Nao waliotupa raha hiyo walipata nini? Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya mashirika, vyama na wafanyabiashara. Mpiga gitaa alikuwa mtu wa mshahara. Akitoka kwenye bendi anatoka mikono mitupu, gitaa linabaki. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, ikabidi kazi hiyo ifanyike Nairobi. Baadaye zikaja kanda, na kila kona ya soko palikuwa na mtu anayenakili bila kumuuliza mwenyewe. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Marijani Rajabu, tuliyemwita Jabali la Muziki, alifariki Machi 1995, kabla ya sheria mpya ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Muhiddin Maalim Gurumo aliimba karibu miaka hamsini tangu alipoingia NUTA Jazz mwaka 1964. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 hakuwa na gari. Aliyemnunulia alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa bongo fleva, wa muziki uleule ambao sisi wapenzi wa zilipendwa tunapenda kusema hauna maana. Gurumo alifariki mwaka uliofuata, Aprili 2014. Kila nikilikumbuka gari lile naona haya kidogo, maana mimi niliyemsikiliza tangu utotoni sikuwahi kumlipa hata shilingi. Kanda zangu zote zilikuwa za kunakili.

Nilimsomea mama sehemu ya maandishi haya. Alisikiliza hadi mwisho, akasema nimemwonea baba. Baba alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani siku sita, alisema, na mtu aliyesimama mbele ya mashine siku sita ana haki ya kusimama mbele ya bendi siku moja. Nikamwuliza mbona basi hakuinuka kucheza. Akasema kucheza hajui, hakuna aliyempeleka akajifunza. Sikuona la kuongeza, nimeliacha hapa kama alivyolisema.

Nilimwuliza pia kama katika miaka ile kulikuwa na kitu chochote redioni alichokipenda yeye, cha kwake mwenyewe. Nilitarajia ataje "Mama na Mwana", kipindi kilichotukusanya sisi watoto, au vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Alifikiri kwa muda. Kisha akasema, "Ugua Pole." Kilikuwa kipindi cha salamu za wagonjwa. Mwaka 1982 alilazwa wiki tano baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho, akiwa na hali mbaya, na wodi ilikuwa na redio moja iliyowekwa dirishani. Siku moja mtangazaji akasoma jina lake, jina lake kamili na la baba yake mzazi, likifuatiwa na majina ya watu wa nyumbani kwao wanaomtakia apone haraka. Wanawake wa vitanda vya jirani walipiga vigelegele. Nesi alikuja kumtazama, kana kwamba hakuwahi kumwona kabla ya hapo. Ulifuata wimbo, lakini mama haukumbuki ulikuwa wa bendi gani. Anasema hakuusikia, alikuwa analia.

Nyimbo za wakati ule ninazo katika simu yangu, zaidi ya mia tatu. Juzi mama aliishika, akaigeuza upande huu na upande huu, akaniuliza kama humo ndani ipo pia ile siku aliyotajwa.