Adabu za Hamamu katika Ihyaa: Je, Zinatosha kwa Bafu la Bweni?

Safari hii tunapenda tusome pamoja na msomaji sehemu ya Ihyaa Ulumid-Din ambayo wengi huipita haraka. Nayo ni maelezo ya kuingia hamamu, yaliyomo katika Kitabu cha Siri za Twahara. Imam Abu Hamid al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H, sawa na 1111 M) aliyaandika kwa watu wa miji yenye mabafu ya umma. Sisi tunayasoma tukiwa na vijana wetu wa bweni akilini, na tunataka kuona yanawafaa kwa kiasi gani.

Chukua mfano wa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Pale palianza kama kituo cha misheni cha Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19, kisha Wakonsolata wakakirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka mikononi mwa Serikali shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na vijana wa dini zote wakawa wanapangiwa humo kutoka kila pembe ya nchi. Basi kijana wa Kilwa, Pangani au Tanga, aliyezoea kuoga peke yake uani kwao, huenda akapangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya nyanda hizi za baridi. Katika mabweni mengi ya nchi yetu, bafu ni chumba kimoja kisicho na milango ndani, ndoo zimepangwa, kengele inakaribia kugonga, na wenzake wako watupu kama walivyozaliwa. Afanye nini?

Al-Ghazali anaanza kwa uadilifu. Anataja kwamba Masahaba waliingia mahamamu ya Sham, na kwamba wapo waliolisifu hamamu kuwa linasafisha mwili na kukumbusha Moto, na wapo waliolilaumu kuwa linafichua utupu na kuondoa haya. Hapa ndipo wasomaji wetu wanapogawanyika. Mmoja huchukua lawama akasema kuoga pamoja ni haramu moja kwa moja. Mwingine huchukua sifa akasema ni mambo ya wanaume watupu, hakuna cha kuonea haya. Wote wawili wamesoma nusu. Imam mwenyewe anakubali faida, kisha anaiwekea masharti.

Masharti hayo ni wajibu nne. Mbili zinahusu utupu wa mtu mwenyewe: aulinde usitazamwe na wengine, na aulinde usiguswe na mkono wa mwingine. Mbili zinahusu utupu wa mwenzake: ainamishe macho yake, na amkataze anayejifunua. Haya yanaafikiana na hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyomo katika Sahihi Muslim, inayomkataza mwanamume kutazama utupu wa mwanamume, na mwanamke kutazama utupu wa mwanamke. Katika madhehebu ya Imam Shafii, utupu wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo hoja ya kwamba "sote ni wanaume" haina uzito.

Tunachokisifu zaidi katika maelezo haya ni kwamba hayamwachi muogaji akajishughulisha na nafsi yake tu. Anatakiwa asimwage maji kupita haja yake, hasa maji ya moto, kwa kuwa yana gharama na taabu. Asizidishe mazungumzo. Anaruhusiwa kusuguliwa na mwenzake, maadamu mkono haugusi utupu. Mwenye kuishi bwenini ataelewa mara moja. Ndoo moja ya maji ikitumiwa kwa israfu, wa mwisho katika foleni atakosa. Anayemsugua mwenzake mgongo au kumwazima kipande cha sabuni anajenga udugu ambao darasani haufundishwi. Tena bafuni mtoto wa tajiri na wa maskini wote ni sawa, hakuna sare wala viatu vya kuwatofautisha.

Hata hivyo, tunaona maelezo haya yana upungufu kwa hali yetu. Al-Ghazali anamzungumzia mtu mwenye hiari. Anamshauri achague wakati hamamu likiwa tupu, na anaona kuliacha ni bora zaidi katika zama ambazo watu hawajisitiri. Ushauri huo ulimfaa mtu wa Baghdad, na ungemfaa pia mtu wa Unguja aliyekwenda Hamamni, bafu la umma lililojengwa na Sultani Barghash (aliyetawala 1870 hadi 1888) na kutumika hadi mwaka 1920. Asiyependa angerudi kuoga nyumbani kwake. Mwanafunzi wa bweni hana nyumba ya kurudi, na saa zake amepangiwa na kengele.

Vivyo hivyo katika wajibu wa nne. Imam hakubali udhuru wa mtu anayesema kuwa akikataza hatasikilizwa, kwani moyo huathirika kwa kusikia. Lakini anakubali udhuru wa anayeogopa kupigwa au kutukanwa. Njuka wa wiki ya kwanza, aliyesimama mbele ya vijana wa kidato cha sita, mara nyingi yuko katika udhuru huo. Macho yake atayainamisha, lakini sauti hana. Basi nani aseme?

Jibu hatulipati katika faslu hii, tunalipata katika vitabu vya hisba. Ash-Shayzari, aliyeandika katika karne ya sita Hijria, anamtaka muhtasib ayakague mahamamu mara kadhaa kwa siku, ahimize usafi wake na amtie adabu anayefichua utupu. Huo ni mzigo wa mwenye mamlaka. Kwetu mamlaka hayo yako kwa mlezi wa bweni, mwalimu wa zamu na kiranja, na nyuma yao bodi na wazazi. Pazia na zamu za kuoga havimbagui mtu kwa dini yake. Mkristo naye ana haya, na mzazi wake naye anapenda mwanawe asitirike.

Wakati tukidai hayo, kijana asiache josho. Tunasikitika kwamba wapo wanaoacha kuoga janaba kwa kuonea haya bafu la wazi, na Sala ya Alfajiri ikapotea. Josho husihi mtu akiwa amevaa msuli au kikoi, muradi maji yafike ngozi yote. Ama baridi ya Iringa ya Juni na Julai ni jambo jingine. Amr bin al-As (r.a.), katika msafara wa Dhatis-Salasil mwaka wa 8 H, alitayamamu kwa kuhofia baridi kisha akawasalisha wenzake, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Lakini ruhusa hiyo ni kwa mwenye kuhofia madhara na asiye na njia ya kupasha maji. Na kwa mujibu wa Imam an-Nawawi katika Minhaj, aliyetayamamu kwa ajili ya baridi atailipa Sala hiyo, ingawa wapo wanazuoni wasiomlazimisha.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba faslu ya al-Ghazali ifundishwe kwa vijana kabla hawajafunga masanduku yao, kwa kuwa inawapa adabu. Lakini isisomwe peke yake. Tukimfundisha kijana haya na tukamnyima pazia, tumemtwisha peke yake mzigo ambao sheria imeugawa kati yake, mwenzake na mlezi wao. Mzazi anayemnunulia mwanawe ndoo na godoro amnunulie na msuli wa kuogea, na siku ya kikao cha wazazi asione aibu kuuliza habari za bafu.